Dum na tak kwanza, kalamu baadaye

Sikubaliani na namna maneno ya mdundo yanavyofundishwa. Somo huanza ubaoni: pigo maana yake hii, mwendo maana yake ile, mkazo ni hivi. Mwanafunzi anakariri na mtihani anafaulu, lakini mpe dumbaki, ngoma ndogo ya kupigwa kwa mikono, uone: hajui aanzie wapi. Mimi nasema maneno haya yaingie kwa mguu na mdomo kwanza. Kalamu itafuata.

Jaribu hapo ulipo. Gonga mguu chini mara nne, taratibu. Hayo ni mapigo. Kati ya pigo na pigo mguu uko juu, na hapo pia pana nafasi, kwa hiyo jumla una nafasi nane. Sasa tia sauti za dumbaki. Kubwa ni mbili: dum, kiganja kinapotua katikati ya ngozi, na tak, vidole vinapopiga ukingoni. Tamka mdundo wa Kimisri uitwao maksum, neno moja kwa kila nafasi: dum, tak, kimya, tak, dum, kimya, tak, kimya. Rudia bila kusimama, mguu ukiendelea.

Umesikia kilichotokea mguu ulipotua mara ya pili? Ngoma imenyamaza. Tak moja imetangulia pigo, nyingine imekuja baada yake, na katikati mguu umegonga peke yake. Huko kulikwepa pigo ndiko wasomi wanakokuita sinkopa, na ndiko kunakomfanya mtu aliyekaa kitini aanze kutikisa bega. Sijaona ufafanuzi wa kitabuni unaoweza kufanya kazi ya kile kimya kimoja.

Kuna jambo jingine linaloniudhi, nalo ni kuchanganya mdundo na mwendo. Singeli ya Dar es Salaam huvuka mapigo 200 kwa dakika, basi watu wanasema ina mdundo mkali. Hiyo ni kasi. Mdundo ni mpangilio wa mapigo, mikazo na vimya, na unaweza kuupunguza kasi nusu nzima ukabaki uleule. Anayetaka kuisikiliza singeli kwa haki asiishie kwenye mbio zake; asikilize ndani ya zile mbio ngoma zinajibizana vipi.

Utajiri hasa, kwangu, uko kwenye chakacha, ngoma ya Waswahili wa pwani. Vitabu vinaiandika sita kwa nane, yaani nafasi ndogo sita kwa kila mzunguko, na mwalimu anakuhesabisha moja hadi sita mpaka uchoke. Afadhali ushike kayamba. Ni matete yaliyopangwa bapa, ndani mna mbegu. Unaliyumbisha kwa mikono miwili, mbegu zinamwagika upande huu, zinarudi upande ule. Kila mmwagiko ni nafasi moja ndogo, na kayamba halichoki kuzitaja. Kazi ya ngoma ni kuzigawa. Ukizikata tatu tatu, unapata mapigo mawili mazito. Ukizikata mbili mbili, unapata matatu mepesi. Nafasi ni zilezile sita.

Chakacha inachezea hapo hapo. Gonga meza: mkono wa kushoto mapigo mawili, wa kulia matatu, vyote ndani ya muda mmoja. Utasikia: pamoja, kulia, kushoto, kulia. Pamoja, kulia, kushoto, kulia. Ukishazoea, anza kuusikiliza mkono mmoja tu, kisha uhamie mwingine. Mikono haijabadilika, lakini muziki umegeuka. Mchezaji anayejua huipa miguu mapigo mawili, kiuno akakipa matatu.

Kwa hiyo sielewi kwa nini ala za kugonga zinachukuliwa kuwa za kusindikiza. Tazama kundi la muziki wa kidumbaki wa Unguja: vidumbaki viwili, cherewa za kutikisa, mkwasa wa vijiti, na sanduku la uzi mmoja linalotoa besi. Ukiondoa fidla na mwimbaji, karibu kundi zima liko kwenye mdundo. Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, pale Zanzibar, kinafundisha kidumbaki na ngoma pamoja na taarab, na naona huo ndio mpangilio sahihi. Sioni sababu ya mambo haya kubaki kwenye chuo kimoja cha kisiwani.

Hata dansi letu linakiri deni hilo. Bendi ya NUTA Jazz ya mwaka 1964 leo ni Msondo Ngoma, na bendi ya Mlimani Park wakauita mtindo wao Sikinde, jina la ngoma ya Wazaramo. Bado sifa zinakwenda kwa mwimbaji na mpiga solo. Watangazaji wa vipindi vya zilipendwa, nawaomba: mkimaliza kumtaja mtunzi na mpiga gitaa, mtajeni na aliyekuwa kwenye tumba, zile ngoma ndefu za bendi, mtuambie alifanya nini.