Luang Prabang: kuta zimebaki, wenyeji wamehama

Luang Prabang, kaskazini mwa Laos, uko kwenye rasi nyembamba ambapo mto Nam Khan unaingia katika Mekong. Hapa ndipo ulipokuwa mji mkuu wa ufalme wa Lan Xang, ulioasisiwa na Fa Ngum mwaka 1353, na ingawa utawala ulihamia Vientiane katika karne ya 16, mji ulikuja kupata tena wafalme wake, waliodumu hadi ufalme ulipofutwa mwaka 1975. Kasri lao sasa ni makumbusho.

Wanaotetea utalii wana hoja nzito. Tangu UNESCO iutambue mji huu kuwa Urithi wa Dunia mwaka 1995, mahekalu na nyumba za zamani vimepata sababu ya kukarabatiwa, na fedha za wageni zimewapa kipato watu wa nchi isiyo tajiri. Reli iliyofunguliwa Desemba 2021 imeufanya mji ufikike kutoka Vientiane kwa takribani saa 2, badala ya kutwa nzima ya barabara za milimani.

Hata hivyo, nyumba inayolipa zaidi ikiwa ya wageni huacha kuwa ya familia. Watawa wa Kibuddha hupita alfajiri kupokea wali wa kunata kutoka kwa majirani wa mahekalu. Majirani wakihama, sadaka hiyo inabaki mikononi mwa watalii, ambao baadhi yao huwasogezea watawa kamera usoni. Mabango ya kuwaasa wageni wakae mbali ni mazuri, lakini yanatibu dalili tu. Masharti ya uhifadhi hulinda mapaa na kuta, wala hayamlazimishi mwenye nyumba kuishi humo.

Wala sioni kwamba yafaa kumlazimisha. Kodi ya nyumba ni kipato halali, na mtu aliyekuja kwa siku chache hana haki ya kumtaka mwenyeji abanane katika nyumba ya mababu ili mandhari yampendeze mpiga picha. Lawama kubwa naiweka kwenye mipango iliyohesabu majengo kabla ya wakazi. Kwa sababu hiyo nisingemshauri mtu asiende. Ningemshauri apange chumba katika nyumba ambayo mwenyewe bado anaishi humo, na wakati wa sadaka asimame ng'ambo ya barabara, mikono mitupu.