Ati Dar Nako Kuna Baridi!

Nyie watu wa Dar sasa mmezidi. Jana usiku kijana wangu kanipigia simu kutoka Kinondoni, sauti ya mgonjwa kabisa: "Shikamoo baba. Huku baridi si mchezo, jana tumelala bila feni." Nikamuuliza nyuzi ngapi. Akasema 20. Ishirini jamani! Muda huo mimi nipo jikoni kwangu Njombe, suruali juu ya suruali, koti la mtumba ambalo mwenyewe wa kwanza bila shaka alikuwa mlinzi wa mpaka huko Urusi, na mkono ulioshika simu umevaa soksi kwa sababu glavu ya kulia imetafunwa na mbwa. Simu hiyohiyo inaniandikia nyuzi 6. Lakini mzazi hatukani. Nikasema, "Marahaba mwanangu, poleni sana, jifunikeni."

Kisha akapenyeza la pili, eti mama harudi mwezi huu. Mama watoto aliondoka Mei kwenda kumwogesha mjukuu. Mjukuu sasa anakaa, anacheka, anaota meno, na bado anaogeshwa. Nimeanza kuwachunguza wajukuu wangu hawa. Wote, bila kupishana, humhitaji bibi kuanzia Mei hadi Agosti. Septemba jua likishawaka huku kwetu, ghafla wanajiweza.

Basi nimebaki na wanyama. Kuna Kamanda, mbwa, aliyeajiriwa kwa ajili ya ulinzi na bado hajaripoti kazini. Kuna Mheshimiwa, paka, anayeingia kwenye jivu la jiko akiwa mweupe, anatoka wa kijivu, na kutoka hapo safari yake ni moja tu, kitandani kwangu. Kuna jogoo, ambaye sikumpa jina kwa sababu nina mipango naye Krismasi. Na kuna Deni.

Deni ni mbuzi. Nilimpokea kwa bwana mmoja aliyechukua mbegu za viazi kwangu akashindwa kulipa. Banda lake liliezuliwa na upepo, nikamwingiza ndani kwa muda, na huo muda bado unaendelea. Husemwa kwamba deni humnyima mtu usingizi. Wangu ndiye anayelala, tena anakoroma.

Ya asubuhi mnayajua, sitayarudia. Mafuta ya kupikia yameganda, unayachota kwa kijiko. Dawa ya meno imegoma, unaikamua kwa goti. Huko bondeni kwenye vinyungu barafu imelala juu ya viazi, jua likipanda majani yote meusi tii, halafu dalali wa lumbesa, yale magunia yanayojazwa kupita kiasi, anakuja anakwambia usoni kwamba mwaka huu viazi vyako vidogo. Maharage ndiyo usiyataje. Njombe tuko karibu mita 2,000 juu ya bahari, maji yakifika nyuzi 93 hivi yameshachemka, hayana tena pa kwenda. Yanatokota, yanapiga kelele, yanarusha mfuniko, vitisho vitupu. Unabandika maharage saa nne asubuhi, saa nane mchana ukiyatafuna bado yanakujibu.

Na ninalo swali kwa Mwenyezi Mungu, kwa heshima zote. Ulanzi, ile pombe ya mianzi, ambao ndio blanketi la ndani la mkoa huu, unagemwa masika, wakati mtu bado ana joto lake mwenyewe. Ukija kuuhitaji, Julai, mianzi mikavu. Maua ya hifadhi ya Kitulo, yale yaliyofanya watu wapaite Bustani ya Mungu, yanachanua kuanzia Novemba mpaka Aprili. Wageni wanakuja, wanapiga picha, wanasema kwenu pazuri, wanapanda magari yao. Kipupwe kikiingia tunaachiwa wenyewe majani makavu na barafu. Hata jua lenyewe miezi hii liko kaskazini linawachoma Wazungu, huku linapita pembeni kutusalimia tu.

Lakini haya yote ni madogo. Mimi leo nina jambo la kuoga.

Kuoga Njombe mwezi wa Julai ni mradi. Lazima uwe na bajeti, kuni, na hali ya hewa. Juzi Jumamosi nikaamua, kwa sababu shati lilikuwa limeanza kusimama lenyewe. Kuni za mwati zimeniishia, nikawasha za paini. Paini ni mti wa mbao, uacheni ufe na mbao zake. Moshi mweusi, utomvu unachuruzika, sufuria jeusi mpaka kwenye mshikio. Nikapuliza hadi nikaona nyota mchana. Hatimaye nikapata ndoo moja ya maji ya moto, nikayapooza kikombe kwa kikombe, kwa hesabu kali, maana ukizidisha ya baridi umeharibu kazi ya nusu siku.

Bafu langu liko nje, la mabanzi. Fundi aliniahidi kwamba mabanzi yakikauka yatabana. Yalipokauka yakaachana, kila banzi likashika njia yake, na katikati pakabaki nafasi ya vidole viwili inayopitisha upepo wote uliopotea njia kutoka Makambako. Nikatundika taulo juu ya banzi, nguo nikaziacha ndani ya nyumba zisilowe, nikajimwagia kopo la kwanza. Raha! Nikajipaka sabuni kuanzia utosini hadi kwenye nyayo, kwa kuwa ukishaamua kuoga huku unaoga na la wiki ijayo. Nimekuwa povu tupu, macho nimefumba, ndipo nasikia, "Hodi wenyewe!"

Hakuwa mtu mmoja. Ilikuwa jumuiya nzima, akina mama kwenye vitenge vya sare, mbele yao mama mchungaji. Wamesikia Baba Neema anaishi peke yake na wanyama, wakaona waje wamwombee. Sasa Kamanda, anayebweka vipepeo, anayenibweka hata mimi nikibadilisha kofia, hakutoa sauti. Nikachungulia kwenye ufa. Amelala chali, anakunwa tumbo na mwekahazina.

"Baba Neema, upo?"

Kukaa kimya kulikuwa kunafaa kabisa, lakini mimi nimelelewa. "Nipo! Karibuni!"

"Upo wapi?"

"Nipo... huku."

"Kamwene baba!"

"Kamwene!"

Na salamu za huku hazina njia ya mkato. Habari za hapa, nzuri. Za viazi, tunashukuru. Mama je, yupo Dar. Mjukuu, hajambo, anaota meno. Jamani! Meno ya juu au ya chini? Ya chini. Ng'ombe hawajambo? Sina ng'ombe, mama. Basi mbuzi?

Mbuzi. Nikanyoosha mkono kushika taulo. Halipo. Nikarudi kwenye ufa, nikaona pindo la bluu likiingia mdomoni mwa Deni, taratibu, macho yake yamelegea, shingo inameza. Lile taulo nilipewa siku ya kustaafu.

Hebu nisaidieni. Mimi niliyewahi kusaini hati za malipo ya wilaya nzima, niliyekalia kiti cha kuzunguka, nawaambiaje akina mama wa kanisa kwamba niko uchi na taulo limeliwa? Nikatumia sauti ya kikao: "Akina mama, pumzikeni kidogo, namalizia jambo."

"Usijali baba," akasema mama mchungaji. "Sisi tutaanza na wimbo."

Wimbo una beti nyingi, na wao ni watu wa Njombe, hawaruki ubeti. Walipofika katikati, povu lilikuwa limeshanikaukia. Sijui kama mmewahi kukaukiwa na povu la sabuni ya mche kwenye upepo. Ngozi inavutwa kutoka pande zote, nyusi zinapanda zenyewe, unabaki na uso wa mtu aliyeshangaa. Maji kwenye ndoo nayo yanazidi kupoa, kila nikichovya kidole yananipa taarifa mpya. Nikasema liwalo na liwe, nikainua ndoo nikajimwagia yote. Nikapiga ukelele ambao nina hakika ulisikika barabarani. Akina mama wakajua wimbo umenigusa, wakarudia kiitikio.

Kisha ikaja sala. Mama mchungaji ana kipaji cha sala, hana haraka na hasahau mtu. Akaanza na taifa, akashuka mkoa, akapitia wagonjwa, wanafunzi, bei ya mbolea, akanifikia. "Umvike nguvu mtumishi wako!"

"Amina!" nikasema kwa moyo wangu wote.

"Umvike amani!"

"Amina!"

"Umfunike, Bwana!"

"A-a-amina!" Meno sasa yanagongana, siwezi kuyazuia. Nikasikia mmoja ananong'ona kwamba Roho ameshuka.

Aliyeniokoa ni mama mmoja wa nyuma, aliyefumbua jicho moja katikati ya sala akamwona mbuzi na nusu ya taulo. Hakusema neno. Akafungua kitenge chake cha juu, akanirushia juu ya mabanzi huku uso ameutazamisha shambani, akaendelea kuitikia. Yule mama Mungu amtunze na kizazi chake chote.

Nikatoka. Kitenge cha sare ya kwaya, maua ya zambarau, povu masikioni, miguu nje. Nikampa mkono kila mmoja, hapo hakuna kukwepa. Na hakuna aliyecheka! Hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Wangecheka ningecheka nao tukayamaliza, lakini waliniwekea nyuso za msibani, wengine wakaniambia pole. Mama mchungaji akanikabidhi zawadi waliyoniletea: sukari na mche wa sabuni.

Wakaingia jikoni, wakaota moto wangu, wakanywa chai kwa maziwa yangu yote. Mheshimiwa akapakatwa na kila mtu kwa zamu, akaacha jivu kwenye kila sare. Walipoondoka nikakuta wameniachia bahasha ya mchango wa kuezeka paa la kanisa. Paa! Banda la mbuzi wangu halina paa, mbuzi analala sebuleni, na mimi nichangie paa.

Na usiku je? Usiku mimi sina mzaha nao. Mtu unaliangalia jiko la mkaa linavyowaka vizuri pale nje, unajiuliza kwa nini usiliingize chumbani. Siliingizi. Kila kipupwe tunasikia habari za watu waliolala na jiko mlango umefungwa wasiamke. Ile hewa haina harufu, haimkoholeshi mtu, inamchukua yuko usingizini. Kwa hiyo nalala na mablanketi, Mheshimiwa kichwani, Kamanda miguuni, Deni mlangoni. Kugeuka ni kwa makubaliano. Saa tisa usiku haja ndogo inabisha, choo kiko nje, unajaribu kuzungumza nayo ingoje kukuche, na kwa umri huu haisikilizi. Unatoka. Jogoo anaona tochi, anajua kumekucha, anawika, na akishaanza hanyamazi. Ukilalamika kwa watu wanakwambia, "Si ndiyo kwenu?" Kwetu ndiyo! Kwani kuzaliwa Njombe ndiyo nikafunikwa manyoya? Mimi nina ngozi hii hii moja mliyo nayo nyie. Pole moja tu, bila swali la nyongeza, ingewagharimu nini?

Halafu kuna shemeji yangu wa Tanga. Mtu mwema, simsemi vibaya. Kasikia shemeji yake anateseka na kipupwe, kanitumia mzigo kwa basi. Nikaenda stendi, nikalipia, nikaubeba begani njia nzima nikiwaza ni blanketi, maana lilikuwa boksi kubwa. Kufungua, feni. Ya kusimama, yenye kasi tatu. Nikampigia. "Shemeji," anasema, "sisi tumefunga kiyoyozi, nikaona hii isipotee bure." Nikashukuru. Ungefanyaje?

Nikaiweka sebuleni, Deni akaiangalia, akaanza na waya. Nikaihamishia jikoni nipulizie mkaa, kasi ya kwanza tu. Mkaa ulishika vizuri, sikatai. Tatizo ni kwamba Mheshimiwa alikuwa bado amelala ndani ya jivu. Alitoka kwa hasira, na jivu likatoka naye, wote wawili wakaelekea kwenye kamba ambako nilikuwa nimeanika kitenge cha mama wa watu, nimekifua vizuri nikirudishe Jumapili. Sasa nakifua upya, kwa maji ya baridi, kwa sabuni ya jumuiya.

Feni nauza. Mwenye kuihitaji, awe Kyela, awe Morogoro, tuelewane, napokea pesa, mkaa au mzigo wa kuni za mwati. Za paini msinitajie. Na kuna bwana tayari ameshauliza kama mbuzi yumo kwenye bei. Hayumo.