Si Kitambi, Ni Kamba

Kabla hamjaiamini ile klipu ya shemeji yangu, nisikilizeni kwanza. Ameandika chini yake: "Kitambi chamkwamisha shemeji ndani ya ndege ya kivita." Kitambi ninacho, sikatai. Lakini kilichonikwamisha ni kamba, tena ya miguuni, na naomba jina langu lisafishwe leo leo.

Ndege yenyewe ni Phantom, F-4. Iliruka mara ya kwanza 1958, zikaundwa zaidi ya 5,000, na ina viti viwili: rubani mbele, mwenzake wa rada nyuma. Pale makumbusho walikuwa wameweka ngazi na kufunua kioo ili watu waingie wapige picha. Mke wangu, ambaye njia nzima alilalamika kwamba namburuta kwenda kutazama vyuma chakavu, alipanda mbio akajitupa kiti cha mbele.

"Wewe kaa nyuma, baba, usome ramani."

Mnacheka? Ngojeni.

Mimi habari za viti vile nimezisoma. Ni vya kumfyatua mtu nje ndege ikiwa hatarini, na vinaundwa na kampuni ya Martin-Baker ya Uingereza, ambao mwaka 1946 fundi wao, Bernard Lynch, alikubali kufyatuliwa kutoka kwenye ndege iliyo hewani ili waone kama kiti kinafanya kazi. Kilifanya, na hadi leo viti vyao vimeokoa watu zaidi ya 7,000. Basi nikaanza kumhutubia mke wangu kisogoni. Nikamweleza kwamba kiti kikifyatuka, upepo unaweza kuivunja miguu inayoning'inia, ndiyo maana mtu huvaa mikanda chini ya magoti, na kamba zilizoshikizwa sakafuni huivuta miguu igande kwenye kiti.

"Mm," akajibu, akijipiga picha.

Mtu mwenye akili zake angeishia hapo. Mimi nikasema ngoja nimwonyeshe. Mikanda ilikuwepo. Nikavaa wa kulia, ka! Wa kushoto, ka! Kisha nikashika kamba nikavuta.

Hapa twendeni polepole. Kamba ile hupita kwenye kibanio kinachoiruhusu kwenda upande mmoja tu. Ukiivuta, inakaza. Ukitaka kuilegeza, inakutazama. Visigino vyangu vikarudi nyuma, trrr, vikagonga kiti. Nikajaribu kunyoosha mguu wa kulia: wapi! Wa kushoto: vilevile. Nikainama nifikie vifungo (hapa ndipo kitambi kilipoingia kwenye kesi, kama shahidi tu, si mshtakiwa), vidole vikaishia sentimita chache kabla. Na pua yangu sasa iko juu ya mpini wenye milia ya njano na nyeusi, katikati ya mapaja. Huo ndio wa kufyatulia kiti. Najua kabisa kwamba baruti huondolewa kabla ndege haijapelekwa makumbusho. Najua. Lakini jaribu kuyajua hayo ukiwa umeinama pale, huwezi kuondoka.

"Mke wangu," nikaita, kwa sauti ya mtu asiye na shida yoyote.

Kimya. Nikanyanyua shingo: kiti cha mbele kitupu. Yuko chini, simu mkononi, anarekodi. Foleni ya watoto imefika hadi kwenye bawa. Mmoja akauliza, "Mbona rubani hatoki?"

"Huyo si rubani," mke wangu akamjibu. "Huyo ni msoma ramani."

Akaja mzee anayetembeza wageni, fundi wa ndege mstaafu. Akapanda ngazi bila haraka, akaitazama miguu yangu, kisha akanitazama mimi.

"Nani kakufunga?"

"Mwenyewe, mzee."

"Kwa nini?"

Hilo swali bado sijalijibu. Akapenyeza mkono chini ya kiti, akavuta kipete kidogo, kamba zikalegea. Basi! Kipete kilikuwepo muda wote, na katika kusoma kwangu kote sikuwahi kukutana nacho.

Kushuka sitawasimulia, ila makofi nilipigiwa. Mzee akazungushia kiti cha nyuma utepe, akatundika kibao: MATENGENEZO. Watoto wakakisoma, kisha wakanigeukia wote kwa pamoja. Tukaenda kutazama helikopta, kwa mbali.