Vanilini ya Kiwandani Inaonewa

Vunja ganda bichi la vanila ulinuse: utapata harufu ya majani tu. Ile harufu ya vanila bado haijazaliwa. Vanilini, molekuli inayobeba sehemu kubwa ya harufu hiyo, imefungwa na sukari ndani ya ganda. Haifunguki hadi ganda lichovywe kwenye maji ya moto, lifunikwe litoe jasho, lianikwe, kisha lihifadhiwe kwa miezi huku vimeng'enya vyake vikikata kile kifungo. Hata ua lenyewe hufunguka siku moja tu, na nje ya asili yake huko Mexico na Amerika ya Kati lazima lichavushwe kwa mkono na kijiti, kwa mbinu aliyoionyesha Edmond Albius kisiwani Réunion mwaka 1841, akiwa mtumwa wa miaka 12. Nayasema haya mapema kwa sababu wanaotetea vanilini "asilia" huzungumza kana kwamba imedondoka yenyewe kutoka kwenye ua la mmea, bila mkono wa mtu wala kemia.

Malalamiko yanajulikana. Mnunuzi anasoma orodha ya viambato, anakuta "vanilini" badala ya "vanila", anaona kapunjwa. Kampuni kubwa za vyakula nazo zimeitikia kwa kuahidi kuziondoa ladha bandia.

Lakini kuna hesabu ambayo wengi hawaifanyi. Ganda lililokauka vizuri lina vanilini kama asilimia 2 ya uzito wake. Tani nzima ya maganda makavu, basi, ina kilo 20 tu, na kila kilo ya maganda hayo imetokana na kilo tano au sita za mabichi. Dunia nzima hutoa tani elfu chache za vanila kavu kwa mwaka, yaani vanilini ya makumi ya tani. Mahitaji ni maelfu kwa maelfu ya tani. Ndiyo maana vanilini inayotoka kwenye ganda haifiki hata asilimia 1 ya inayotumika. Ukiiondoa ile nyingine yote na kusema sote turudi kwenye ganda, unadai mavuno yaongezeke zaidi ya mara mia, na kila ua liguswe na kidole cha mtu kabla halijanyauka. Mashamba hayo yatakatwa kwenye msitu gani?

Tumeshaona kidogo jinsi hali inavyokuwa mahitaji yakibana. Madagascar ndiyo inayotoa vanila nyingi zaidi duniani. Mwaka 2017 kimbunga Enawo kiliipiga wakati bei tayari iko juu, na kufikia 2018 kilo moja ilikaribia dola 600, ghali kuliko fedha, hii fedha ya vidani. Wakulima wakawa wanalala shambani kulinda mazao, huku wengine wakitoboa alama kwa pini kwenye maganda mabichi ili yakiibwa yatambulike. Wengi walivuna mapema kumuwahi mwizi, na ganda lililovunwa changa lina vanilini kidogo. Baadaye bei ikaporomoka, na aliyepanda kwa kuitegemea akabaki na marando yake.

Upande wa pili una hoja, tena si za kupuuza. Ndani ya ganda mna zaidi ya misombo 200 ya harufu, na vanilini ikiwa peke yake ni kama ngoma isiyo na zumari. Pia sehemu kubwa ya vanilini ya kiwandani hutokana na guayakoli, kemikali inayotengenezwa kwa mafuta ya petroli, na anayejali mazingira ana haki ya kuuliza. Na kuna maelfu ya familia ambazo ganda ndilo ada ya shule. Hoja hizi zinatosha kulipa ganda thamani yake. Hazitoshi kuiita molekuli ya kiwandani feki.

Kwa sababu si feki. Tangu mwaka 1874, Ferdinand Tiemann na Wilhelm Haarmann walipoiunda kutokana na utomvu wa misonobari, vanilini imekuwa ileile: kaboni 8, hidrojeni 8, oksijeni 3. Pua haiwezi kuitofautisha ya ganda na ya kiwandani. Maabara inaweza, kwa mfano kwa kupima kaboni: mmea wa vanila hunasa kaboni kwa njia yake, hivyo vanilini yake ina kaboni-13, aina nzito ya kaboni, zaidi kidogo kuliko ya mti au ya petroli. Walaghai walipogundua hilo, wakaanza kuiongezea vanilini ya kiwandani kaboni-13 ili ipite kipimo. Hebu fikiria: mtu anatumia teknolojia yote hiyo kughushi kitu ambacho hakinusiki wala hakionjeki. Kinachouzwa ghali hapo ni ukoo wa kaboni.

Lebo nazo zina vituko vyake. Asidi ya feruliki kutoka pumba za mchele, ikigeuzwa na vijidudu kuwa vanilini, inaruhusiwa kuitwa ladha asilia Ulaya na Marekani. Vanilini inayotolewa kwenye lignini, kile kinachoupa mti ugumu, kama inavyofanywa Norway, haiitwi hivyo, kwa kuwa imepitia kemia badala ya kijidudu. Zote mbili zimetoka kwenye mmea, na hakuna iliyowahi kuliona ua la vanila. Anayelipa zaidi kwa neno "asilia" akidhani ananunua ganda, huyo ndiye anayepunjwa, na sheria imeruhusu.

Mimi ganda ningelihifadhia aiskrimu na krimu zisizopikwa sana, ambako ile misombo mingine inasikika ulimini. Kwenye biskuti, mingi hupeperuka na joto la tanuri, na kinachobaki kuonjwa zaidi ni vanilini.