Death Note ya 2017: hasira ya mashabiki ilistahili kuelekezwa wapi?

Filamu ya Death Note iliyoongozwa na Adam Wingard ilitoka Netflix tarehe 25 Agosti 2017, na hadi leo ukiitaja mbele ya wapenzi wa manga, yaani hadithi za katuni za Japani, ubishi unaanza upya. Wapo wanaosema ni aibu tupu na haikupaswa kutengenezwa. Wapo wengine, wengi wao hawakuwahi kuigusa manga yenyewe, wanaoiona kuwa filamu ya kutisha ya kawaida, na wanashangaa hasira zote hizo zinatoka wapi. Mimi nimesoma manga, nimetazama filamu za Japani, na hii ya Marekani nimeirudia kwa nia njema kabisa. Kila upande una hoja. Ila lawama iliyopigiwa kelele zaidi siyo nzito kuliko zote.

Kwa ambaye hajaifuatilia: manga ya Death Note iliandikwa na Tsugumi Ohba na kuchorwa na Takeshi Obata, ikachapishwa Japani kuanzia 2003 hadi 2006, sura 108 kwa jumla. Light Yagami, mwanafunzi mwenye akili kupita kiasi na mtoto wa afisa mkubwa wa polisi, anaokota daftari lililoangushwa na Ryuk, mungu wa kifo. Ukiandika humo jina la mtu huku sura yake unaikumbuka, mtu huyo anakufa. Light anaanza kuwaua wahalifu, dunia inampa jina la Kira, na mpelelezi asiyejulikana jina wala sura, anayeitwa L, anaanza kumsaka.

Wingard aliihamishia hadithi Seattle. Light Yagami akawa Light Turner, akachezwa na Nat Wolff, kijana Mzungu. Hapo ndipo lawama ya kwanza ilipoanzia, tena kabla filamu haijatoka. Miezi michache nyuma, Machi mwaka huo huo, Scarlett Johansson, mwigizaji Mzungu wa Marekani, alikuwa amecheza mhusika mkuu wa Ghost in the Shell, kazi nyingine iliyotokana na manga, kwa hiyo kidonda kilikuwa bado kibichi. Waliolalamika walisema Hollywood inazipenda hadithi za Japani lakini watu wenyewe haiwataki. Waliojibu walisema hadithi ikishahamia Marekani, wahusika kuwa Wamarekani ni jambo la kutarajiwa, na Wajapani wana filamu zao ambazo hakuna aliyewanyang'anya.

Jibu hilo nalikubali nusu. Kuhamisha hadithi ni haki ya msanii, na hadithi nyingi nzuri tulizonazo zimevuka bahari namna hiyo. Lakini Wamarekani wenye asili ya Japani wapo, Seattle kwenyewe wapo kwa vizazi, na Light angeweza kuwa mmoja wao bila kubadilisha mstari mmoja wa hadithi. Wanaosema hilo ni jambo dogo wangetafakari ni mara ngapi mwigizaji wa aina hiyo anapewa nafasi ya kuwa stelingi.

Hata hivyo, rangi ya ngozi haielezi kwa nini filamu ilianguka, na ushahidi ni L mwenyewe. Alichezwa na LaKeith Stanfield, Mmarekani mweusi. Wapo waliopiga kelele walipomwona kwenye trela. Filamu ilipotoka, wengi wa walioichukia waliishia kumsifu yeye na Willem Dafoe, aliyempa Ryuk sauti. Stanfield anachuchumaa juu ya kiti, anakula peremende kama mlo, anamtazama mtu kwa namna ya kumkosesha raha. Ukimwona unajua huyu ni L.

Lawama ya pili ni kwamba filamu haikufuata manga. Hii naona tumeitumia vibaya. Filamu mbili za Japani za 2006, zilizoongozwa na Shusuke Kaneko, zinapendwa sana na mashabiki, na zenyewe zimebadilisha mambo makubwa. Light anayechezwa na Tatsuya Fujiwara ni mwanafunzi wa sheria chuo kikuu. Ana mpenzi, Shiori, ambaye kwenye manga hayupo kabisa, na mwisho wa filamu ya kwanza anampangia kifo kwa daftari ili apate huruma na kuingia kwenye kikosi cha upelelezi. Filamu ya pili inafika mbali zaidi: L anaandika jina lake mwenyewe kwenye daftari, akijipangia kufa baada ya siku 23, ili mtu mwingine yeyote asiweze kumuua kabla ya hapo. Kwenye manga L anashindwa na kufa katikati ya hadithi. Wapo wasomaji wanaoona mwisho huo wa filamu unampa L heshima kuliko ule wa kitabu, na mimi ni mmoja wao.

Kwa hiyo Wajapani walibadilisha, Wamarekani walibadilisha. Mmoja kapongezwa, mwingine kazomewa. Tofauti iko wapi?

Chukua tukio moja tu, Light anapokutana na Ryuk. Kwenye manga, Ryuk anamtokea siku tano baada ya daftari kuokotwa. Light anaanguka kutoka kwenye kiti, kisha ananyanyuka, anatulia na kumwambia alikuwa akimtarajia. Kurasa tayari zimejaa majina. Mungu wa kifo mwenyewe anashangaa. Ryuk hakumwambia aue mtu yeyote. Aliliangusha daftari kwa sababu ya uchovu wa kukaa bure, na anasema wazi kwamba hayuko upande wa yeyote. Kwenye filamu ya 2017, Light yuko darasani anatumikia adhabu, vitu vinaruka huku na huko, anapiga mayowe na kujificha. Halafu Ryuk ndiye anayemchochea aandike jina la kwanza, la mwanafunzi mnyanyasaji.

Sasa njoo kwa maafisa wa FBI, wapelelezi wa serikali ya Marekani wanaotumwa kumchunguza Kira. Kwenye manga maafisa 12 wanauawa na Light mwenyewe, kwa hila aliyoipanga hatua kwa hatua, na hapo msomaji anajua kwamba kijana huyu haui tena wahalifu peke yao. Kwenye filamu, aliyewaua maafisa ni Mia, mpenzi wake. Light anaposikia habari hizo anashtuka kama sisi.

Hapo ndipo penye kosa. Manga inatuuliza kitu kigumu: mtoto mwema, mwenye akili, asiyeshurutishwa na mtu, akipewa uwezo wa kuua bila kukamatwa, atafika wapi? Inatufanya tumshangilie kwanza, kisha tujiulize tumeshangilia nini. Filamu imeyaosha mikono ya Light. Anasukumwa na Ryuk, anasukumwa na Mia, mama yake ameuawa na jambazi aliyekwepa sheria. Kila damu ina mtu mwingine wa kuibeba. Shiori wa filamu ya Japani hayumo kwenye kitabu, lakini kifo chake kinamfanya Light awe Light zaidi.

Watetezi wanasema saa moja na dakika arobaini hazitoshi kwa sura 108. Ni kweli, na Kaneko alihitaji filamu mbili, kila moja zaidi ya saa mbili. Wanasema pia kwamba Light Turner ni kijana wa kawaida aliyezidiwa na mambo, na kwamba kijana wa kawaida angepiga mayowe. Hoja hii naiheshimu kuliko zote, kwa sababu inaichukua filamu kama kazi inayojitegemea. Tatizo ni kwamba filamu yenyewe haiishiki. Mwishoni Light huyo huyo aliyekuwa akihangaika anageuka ghafla kuwa mpangaji wa mbinu nzito. Na masharti ya daftari, ambayo ndiyo utamu wa mchezo wote, yanalegea: jina "Watari" peke yake linatosha kumtawala msaidizi wa L, wakati hadithi nzima ya L kujificha inategemea jina halisi.

Wengine hukimbilia kwa Ohba na Obata, waliozungumza vizuri hadharani kuhusu filamu hiyo. Mwenye kazi akiridhika ni vyema, lakini ridhaa yake haimfungi mtazamaji.

Mwaka 2022 ilitangazwa kwamba ndugu Duffer, waliotengeneza tamthilia ya Stranger Things, watasimamia mfululizo mpya wa Death Note wa waigizaji halisi kwa ajili ya Netflix. Watu watabishana kuhusu nchi, rangi na nywele za Ryuk. Mimi nitasubiri kuona ni nani anayeandika majina ya wale maafisa 12.