Floridi haiogopi moto

Kampeni za afya zimetufundisha kuchemsha maji, na kwa kipindupindu au homa ya matumbo ni sawa kabisa. Lakini kwa wakazi wa Arumeru, chini ya Mlima Meru, ushauri huo ukiachwa hapo unapotosha. Miamba ya volkano hutia floridi, madini yanayoyeyuka majini, kwenye chemchemi na visima, na floridi haifi kwa moto. Mvuke unaondoka, yenyewe inabaki sufuriani: chemsha lita 10 zenye miligramu 3 kwa lita mpaka zibaki 8, umeipandisha hadi 3.75. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani (WHO) ni 1.5. Chujio la mshumaa na dawa ya klorini navyo haviigusi.

Floridi ikizidi, meno huharibika yakiwa bado yanaumbika ndani ya fizi, tangu uchanga hadi karibu miaka 8. Madoa ya kahawia yakishatokea hayafutiki kwa mswaki (na wenye meno hayo bado wanaitwa wachafu!). Mifupa huchukua miaka mingi zaidi: viungo kukakamaa, mgongo kuuma, miguu kupinda.

Kwa maoni yangu, tuache kuhangaika kusafisha maji yote ya nyumbani. Ya kufulia na kuogea hayana neno. Floridi haipenyi ngozini kwa kiasi cha kudhuru. Maji machache mazuri yawe ya kunywa na kupikia, watoto kwanza. Ya mvua yana floridi kidogo mno. Mwaga yale ya mwanzo yanayoosha bati, kisha changanya nusu kwa nusu na ya kisima chenye miligramu 3. Unafika kwenye 1.5. Ila pima kisima chako kwanza, maana cha jirani kinaweza kuwa tofauti kabisa.

Kituo cha Ngurdoto, cha utafiti wa kuondoa floridi majini, kimeendeleza chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe, na hapo uchomaji ndio kila kitu. Mifupa huchomwa kwa hewa kidogo, kwenye nyuzijoto 400 hadi 500 hivi. Ikiungua nusunusu, maji yananuka na kubadilika rangi. Ikipitiliza ikawa nyeupe, inanasa floridi kidogo. Mkaa ukishiba, ladha haibadiliki hata kidogo, kwa hiyo asiyepima hunywa floridi akidhani amechuja.

Magadi ya kulainishia makande nayo huongeza floridi. Loweka mahindi na maharage usiku kucha, magadi uyaache dukani.