Tabibu wetu si طبيب wao

Ingia zahanati ya serikali huko Tanzania Bara. Mlangoni pameandikwa "MGANGA MFAWIDHI". Aliyekaa ndani, ukisoma barua yake ya ajira, mara nyingi utakuta ni Tabibu Daraja la II. Mama aliyeko kwenye benchi na mtoto mwenye homa anamwita dokta. Mtu mmoja, majina matatu, wala hakuna anayeshangaa.

Sisi kwa sisi tunaelewana. Kasheshe huanza mtu huyo anapotaka wasifu wake uandikwe kwa Kiarabu, tuseme anaomba kazi Oman. Wafasiri wengi hukimbilia طبيب (tabib). Si ndilo neno lenyewe? Limetoka hukohuko, likaja na ndugu zake tiba, matibabu na kutibu. Kwa sauti ni lilelile. Kwa cheo silo, na kwa maoni yangu anayeliandika hivyo anamtia mwenzake matatani.

Kwa Mwarabu, طبيب ni mwenye shahada kamili ya udaktari. Kwetu, kwenye muundo wa utumishi, huyo anaitwa Daktari: amesota chuo kikuu miaka mitano, akamalizia na mwaka wa mafunzo kwa vitendo hospitalini. Tabibu ana stashahada ya miaka mitatu, na chini yake yuko Tabibu Msaidizi. Hii ni kada yake kabisa, iliyoanzishwa kwa sababu madaktari hawakutosha, na hadi leo ndiyo inayobeba vijiji vyetu. Malaria, nimonia, kuhara, mshono wa jeraha la panga, barua ya rufaa usiku wa manane, yote yanapita mikononi mwake. Hana haja ya kuazima cheo cha mtu.

Kwenye meno mtego ni mkubwa zaidi. Tunaye Daktari wa Meno, na tunaye Tabibu Meno mwenye stashahada. Huyu wa pili ukimfasiri neno kwa neno unapata طبيب أسنان (tabib wa meno), ambaye kwa Kiarabu ni yule wa kwanza! Mwajiri akidai cheti cha shahada, nani atamwamini tena kwa yaliyobaki kwenye karatasi?

Najua kuna watakaosema tabibu zamani alikuwa daktari hasa. Kweli. Biblia ya Kiswahili inamwita Luka "tabibu mpendwa", na hakuna aliyefikiria stashahada. Lakini serikali imeshaligawa neno, na karatasi za kazi hufuata mgawo wa serikali. Mdomoni ni habari nyingine; hata Waarabu humwita mtu يا دكتور (ewe dokta) bila kuuliza vyeti.

Mimi ningeandika مساعد طبي (msaidizi wa tiba), jina ambalo Wasudani wamelitumia kwa kada inayokaribiana na hii, kisha kwenye mabano nitaje stashahada na miaka yake mitatu. Halina mvuto, nakubali. Ila halimdanganyi mtu.

Mganga Mfawidhi naye anataka uangalifu. Hapo mganga hana tunguri. Ni kuganga kulekule kwa "yaliyopita si ndwele, tugange yajayo". Ndiyo maana Tanzania tunaye Mganga Mkuu wa Serikali na hatucheki, ingawa Mkenya akilisikia kwa mara ya kwanza hutabasamu. Tatizo ni kwamba neno hilohilo liko kwenye vibao vilivyopigiliwa nguzo za umeme, vya waganga wanaorudisha wapenzi na kusafisha nyota. Mfasiri asiyeujua mfumo wetu akilishika upande huo ataandika معالج شعبي (mganga wa kienyeji), na mtumishi aliyesimamia zahanati miaka yote hiyo atafika Muscat akiwa mtu wa mizizi na hirizi. Mfawidhi ni msimamizi wa kituo, basi. مدير المستوصف (msimamizi wa zahanati) inatosha.